Pale Tunapopiga Miguu

Niliisikia miguu kabla sijawaona watu. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza chuoni, mtu wa miaka arobaini na ushei niliyejiandikisha kusoma Kichina pamoja na watoto waliomaliza shule juzi. Guangzhou yenyewe haikuwa ngeni kwangu. Nilishakuja mara nyingi kununua viatu na nguo kwenye soko la Zhanxi, kama nilivyowahi kukaa Mombasa, Muscat na Lubumbashi: nafika, nazoea, naanza kukumbuka nilikotoka, naondoka. Safari hii nilitaka nikae kidogo, nijue watu huongea nini wakimaliza kutaja bei.

Nyuma ya bwalo la chakula kulikuwa na kishindo. Nilidhani ni mashine ya ujenzi, maana mji huu haukosi mashine inayoshindilia kitu mahali fulani. Nikazunguka kona. Juu ya uwanja mwekundu wa riadha vijana kama sitini walikuwa wakitembea kwa mguu mmoja. Sijui niseme vipi tena: watu sitini, mguu mmoja. Walipofika mwisho wa uwanja, mstari mzima uligeuka kama mlango kwenye bawaba, wa ndani wakikanyaga palepale, wa nje wakirefusha hatua, na usipinde hata kidogo. Kisha vyombo vikapanda midomoni kwa pamoja na jua likawaka juu ya shaba. Maziwa ya soya niliyoshika yalinimwagikia mkononi, nikayaacha yatiririke.

Tarumbeta nalijua. Ujana wangu niliumaliza kwa kupiga matarumbeta kwenye harusi za Magomeni, tumejazana nyuma ya pikapu, bibi harusi mbele, kina mama wakitutunza kwa kutubandika noti kwenye paji la uso. Ndiyo maana nilimfuata kiongozi wao, msichana wa mwaka wa tatu mwenye fimbo nyeupe, nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni kwamba nataka kuingia.

"Unapiga kweli, shushu?" aliuliza. Shushu ni baba mdogo. Chuo kizima kiliniita hivyo.

Akanipa tarumbeta la mtu. Nikapiga wimbo wa harusi, ule wa kumtoa bibi harusi ndani. Walicheka, wakapiga makofi, mpiga ngoma mmoja akanifuata kwa mdundo.

"Pumzi unayo," alisema kiongozi. "Sasa piga huku unatembea."

Nikatembea. Wakacheka zaidi.

"Unatembea au unacheza?"

"Kwetu ni kitu kimoja."

Kiuno walikitibu kwa mazoezi. Kila alasiri, katika ule unyevu unaokulowesha kabla hujafanya lolote, nilijifunza kwenda wima kama mlingoti huku jasho likiniingia machoni. Nota zao zimeandikwa kwa tarakimu, moja ndiyo do, mbili ndiyo re, na hizo nilizishika upesi. Kilichonishinda kilikuwa kimya.

Katikati ya wimbo wetu mkuu, baada ya sauti kupanda mpaka juu, wote wanakata. Kwa hatua chache hakuna tarumbeta, hakuna ngoma. Halafu wimbo unarudi. Mimi kila tukifika hapo nilijaza. Sikukusudia. Kwenye matarumbeta kila mtu huvuta pumzi kwa wakati wake ili sauti isikatike njiani, mkikata tu, utawasikia kina mama: "Vipi, mmechoka? Tuwaletee uji?" Aibu ile ilikaa kifuani mwangu miaka yote. Nikisikia pengo, naziba. Hapa wote walivuta pumzi pamoja, nikaisikia ikipita juu ya vichwa vyetu kama shuka inayokung'utwa, kisha ndani ya kimya chao tarumbeta langu likabaki peke yake likilia.

Kiongozi alivumilia siku kadhaa. Mwishowe alisimama mbele yangu.

"Shushu, ukijaza tena pale, siku ya kufungua michezo ya chuo utabeba bango. Nafasi yako atapewa mwingine."

Nilisikia uchungu ulionishangaza. Nimeacha nyumba na miji bila kugeuka nyuma, na sasa naogopa kupoteza upana wa mabega mawili katika mstari wa watoto.

"Mbona mnanyamaza pale?" nilimuuliza.

"Hatunyamazi. Pale tunapiga miguu."

Nilidhani Kichina changu kimenidanganya, nikamwomba arudie. Akarudia. Halafu akatazama raba zangu laini, nzuri za kuzungukia soko kutwa, zisizotoa sauti yoyote. "Na wewe huna chombo," alisema.

Nikaenda Zhanxi kwa rafiki yangu, Mzanzibari anayesafirisha makontena.

"Laoban," alinitania, neno wanalomwitia tajiri sokoni, "umekuja China kuuza viatu ama kuvivaa upige kwata?"

"Nataka pea moja, soli ngumu, namba arobaini na sita."

"Pea moja? Zhanxi hii? Na hiyo miguu yako kama mabehewa?"

Tulizunguka. Kila muuzaji akisikia pea moja alipunga mkono: "Meiyou." Hakuna, na nyuma yake viatu vimepangwa mpaka darini. Mwisho rafiki yangu alinipa pea ya sampuli iliyokuwa ofisini kwake, soli ngumu, namba yangu.

"Ila ukianguka uwanjani," alisema, "waambie wewe Mkenya."

Siku ya kufungua michezo majukwaa yalijaa. Nilikuwa safu ya nne, koti jeupe limenibana kwapani. Tukatoka. Wimbo ukapanda, ukapanda, nikaliona pengo linakuja, na kifua kikajaa chenyewe kama siku zote. Nikaliondoa tarumbeta mdomoni.

Mguu ukashuka. Nikausubiri wangu niusikie, nisiusikie. Ulikuwa ndani ya ule mkubwa. Ukashuka tena, na majukwaa yale yote, maelfu ya watu wanaokula mbegu za alizeti na kupiga picha, yakanyamaza kuusikiliza. Nilisikia mwili mzima ukisisimka kuanzia kisigino. Sikumbuki kona tulivyoikata. Nakumbuka shingo ya kijana wa mbele yangu, na kwamba nilikuwa nakwenda bila kujua ninakwenda.

Tulipotoka, kiongozi alinijia amevua kofia, nywele zimemganda usoni. Nikajua ni bango.

"Shushu, ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Wimbo uliporudi hukurudi nao. Ulinyamaza mpaka tukatoka uwanjani!"

"Nilikuwa nasikiliza."

Alinitazama kama anayetafuta pa kuanzia kukasirika, akapakosa, akaketi kwenye ukingo wa uwanja kufungua kamba za viatu.

"Mwaka wa kwanza, mimi nilitokwa na machozi pale," alisema. "Mazoezi Jumatatu saa kumi. Safu ileile. Na ukumbuke kupiga."