Nilivyomchagulia baba mkwe kiwambo cha bunduki yake fupi

Wakuu, heshima zenu kutoka Brussels.

Najua humu story nyingi ni chai. Hii ni maji ya bomba, kunyweni bila wasiwasi.

Baba mkwe wangu ni Mbelgiji mstaafu aliyeishi Lubumbashi ujanani, kwa hiyo Kiswahili anacho, kile cha huko. Anawinda nguruwe pori kwa bunduki ya mtutu mfupi, maana kibanda chake cha kuwindia ni chembamba kama choo cha treni.

Daktari wa masikio kule Woluwe akamwambia sikio la kushoto limekwenda, la kulia limebaki kwa huruma ya Mungu. Afunge suppressor, kile kiwambo cha kupunguza mlio, au aache kuwinda.

Kuacha? Mngemwona uso.

Akaniteua mimi kuwa mshauri kwa sababu nina digrii mbili. Zote za historia. Lakini nilishinda kwenye forums za wawindaji hadi nikajiona fundi.

Dukani, muuzaji akakagua vibali, kisha akaweka viwili mezani. Kimoja kidogo, chepesi, kirembo. Kingine kinene kama thermos.

Mzee akadaka kidogo. "Unaona, mutoto yangu? Hii ni muzuri, donc naikamata."

Wakuu, mtutu ukiwa mfupi baruti haimalizi kuungua ndani. Mlipuko unatoka bado mkali, na kiwambo kidogo hakiwezi kuumeza wote. Muuzaji alieleza hayo kwa upole. Mzee akamgeuzia sikio la kushoto.

Sasa kwetu mkwe hapingwi, tena mbele ya watu. Ukiwa na neno, unatuma mtu.

Nikasema, "Ndiyo, baba." Nikasogea kwenye mabuti ya mvua, nikampigia mke wangu awe mshenga.

"Mwambie baba yako achukue kikubwa."

"Kwani uko wapi?"

"Niko naye dukani."

Alicheka mpaka mzee akasikia, akaja kuichukua simu. "Papa," mke wangu akasema, "huyo mtu wako anaogopa kukwambia umekosea."

Mzee akanitazama. "Bon. Miaka yote nilizani unakubali kila kitu nasema."

"Nilikuwa nakuheshimu, baba."

"Heshimu sikio yangu kwanza!"

Akachukua thermos.

Tukaenda range, uwanja wa kulenga shabaha. Akalalamika bunduki imekuwa nzito mbele. Kweli. Akavaa na kinga za masikio pia, maana kiwambo hakizuii mlio wa risasi inapopasua hewa. Akapiga kadhaa, akavua kinga, akatega sikio. Siku zote akishapiga, sikio hubaki linalia.

"Hailii," akasema taratibu. "Nasikia ndege. Nasikia na wewe unapumua kama camion ya mizigo. Punguza bière."

Nilichojifunza: mtutu mfupi usiuchagulie kiwambo kwa urembo. Na heshima ya kukaa kimya inaweza kumla mtu sikio.

Wenye wakwe wabishi, nyie mnawapingaje? Mwageni uzoefu, nami bado mwanafunzi.