Maziwa Niliyoyamwaga Sokoni

Kosa ni langu. Msimtafute mwingine wa kumlaumu! Mimi sikusoma hata siku moja. Haya ninayasema kwa mdomo, na mjukuu wangu wa kike ndiye anayeyaandika, yapate kusomwa kila walikokimbilia watu wa kwetu. Nimemkataza kuyalainisha.

Kwetu ni upande wa Mweso, milimani Masisi. Mimi ni mkulima. Jirani yangu, mama mjane mwenye ng'ombe, alikuwa pia mkwe wangu, kwa kuwa mwanangu alimwoa binti yake. Kila tulipokwisha kuvuna mahindi, nilimfungulia shamba, ng'ombe wake wale mabua na kuniachia mbolea. Naye kila Jumamosi aliniletea kibuyu cha maziwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mingi.

Kisha vita vikarudi. Safari hii, mwanzoni, hakuna aliyevitaka! Tulikuwa tumechoka kuzika. Lakini mheshimiwa mmoja aliyetafuta kura alikuja sokoni, akataka kila nyumba itoe kijana wa kushika bunduki.

"Mwenye hataki vita, huyo njo adui!" alisema.

Mkwe wangu, kibuyu cha maziwa yangu mkononi, ndiye aliyejibu.

"Papa Mheshimiwa, batoto yako iko wapi? Batangulie. Ya kwetu itafwata nyuma."

Soko zima likacheka. Hata mimi nusura nicheke. Mheshimiwa akanigeukia mimi, mzee wa mtaa.

"Muzee, huyu mama iko nani yako?"

Ole wangu! Niliogopa kuitwa msaliti. Na zaidi ya woga, nilipenda kuonekana mkubwa. Nikakitwaa kile kibuyu, nikayamwaga maziwa yote chini.

"Haiko muntu yangu," nikasema.

Kwa watu wa ng'ombe, kumwaga maziwa kwa makusudi ni kumkana mtu mbele ya Mungu. Nilijua! Nilifanya nikijua!

Hakunitukana. "Mukwe," alisema, "unirudishie kibuyu yangu."

Tangu siku ile watu wa kijiji walijigawa. Waliotaka vita na wasiovitaka hawakusalimiana tena. Hata kanisani kila upande ulikuwa na mabenchi yake. Vijana waliona nimewapa ruhusa, wakaipiga nyumba yake mawe. Akaondoka na ng'ombe wake. Binti yake hakukubali mama yake aende peke yake, na mwanangu akamfuata mkewe.

"Papa, ulimwaga jamaa yetu yote," aliniambia mlangoni.

Huyu mjukuu, mtoto wao, alikuwa na homa, hakuweza kutembea. Walisema watarudi kumchukua. Lakini risasi zilitangulia, nasi tukakimbilia huku Mpofi, Walikale. Hatujui walipo hadi leo.

Na mheshimiwa? Kiti alikipata! Tunasikia sasa anakaa meza moja na wale wale aliotutuma tukawaue.

Mjukuu ameacha kuandika, ananiuliza mimi babu yake.

"Koko, niandike jina ya mama yangu?"

"Hapana. Watu wabaya watamujua."

"Sasa yeye atajua namna gani kama ni sisi?"

"Andika maziwa. Atajua."

Ninyi mnaosomewa haya, sikilizeni. Mkubwa akikuuliza mbele ya watu, "Huyu iko nani yako?", jibu kweli, hata kama unaogopa kuitwa msaliti. Yeye atapanda gari lake aende. Wewe utabaki na mtoto anayekuuliza kila Jumamosi kama mama yake amefika.

Leo ni Jumamosi.