Uvimbe Alioufunika Baba

Baba yangu alilima vitunguu Ruaha Mbuyuni maisha yake yote, na kwa joto la kule alizoea kulima kifua wazi. Mwaka ule nilipotoka Kihesa, Iringa mjini, kwenda kumsalimu, nilimkuta shambani amevaa shati, vifungo hadi shingoni. Kesho yake nilipolifua nikaona doa la damu upande wa kushoto.

"Ni jipu tu, mama," alisema. Nimerithi jina la mama yake, ndiyo maana aliniita hivyo.

"Tangu lini, baba?"

Alitazama chini. "Tangu mwaka jana."

Nilimsihi mpaka akanionyesha. Palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa, na chuchu imezama ndani.

Hospitali ya Iringa walitupa barua ya rufaa kwenda Mbeya. Kule tulikaa kwenye benchi lililojaa wanawake, mwanamume ni baba peke yake. Muuguzi alipoita jina la baba, baba hakusimama. Bibi mmoja aliyevaa baibui akamgusa bega.

"Nenda, kaka yangu. Sote tumeletwa na jambo hilohilo."

Daktari alimweleza kwamba angeingiza sindano kwenye uvimbe, avute chembe kidogo zikatazamwe kwa darubini. "Wanaume nao wanaugua titi, mzee. Ila wengi wanachelewa kuja."

Sindano ilipoingia baba alinishika mkono kwa nguvu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Majirani watajua?"

Majibu yalikuwa saratani. Walimfanyia upasuaji, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Nikahamia kwake kumuuguza.

Siku moja rafiki yake, mkulima mwenzake, alikuja kumjulia hali. Alizungumza habari za mvua weee, mwishowe akasema na yeye ana kitu kifuani. Baba akajiinua kitandani.

"Nenda Mbeya wiki hii. Usione aibu kama mimi. Ni sindano tu."

Yule mzee alikwenda. Aliporudi alikuwa anacheka: wamemwambia ni mafuta tu, hayana madhara.

"Mungu ashukuriwe," baba alisema, akamshika mkono kwa furaha ya kweli. Mgeni alipoondoka, baba aligeukia ukutani akalia, nami nikakaa pembeni yake.

Alifariki kabla vitunguu havijang'olewa.