Fuata Ndoo

Michoro ilirudi mara ya tatu siku ya Jumatatu, imekunjwa katikati kama gazeti la kufungia vitu, na juu yake katibu wa hospitali ameandika kwa kalamu nyekundu: "Wagonjwa wanaomba chakula kwenye chumba cha figo."

Rula aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama, mkoba bado uko begani. Rula si jina lake. Alibandikwa jina hilo na mafundi miaka kumi na tisa iliyopita, alipoanza kazi kwenye duka hili la uchapaji na kukataa kuchora mstari wowote kwa mkono mtupu. Jina la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho na kwa mama yake, tena siku akikasirika tu.

"Chakula?" aliuliza.

"Ulichora figo," mwenye duka alimjibu bila kuinua kichwa. "Wao wameona maharage. Mzee mmoja kaja na bakuli."

Fundi wa mashine, aliyekuwa anafuta wino vidoleni, alicheka mpaka akashika meza. "Shukuru hukuchora ini, dada. Wangekuja na mkaa."

Mwenye duka hakucheka. Kazi yenyewe ilikuwa vibao vya kuwaongoza wagonjwa, mlango kwa mlango, na nakala za majaribio zilishabandikwa ukutani kule hospitali. "Sikiliza, Rula. Katibu anataka michoro ya mwisho Alhamisi. Ikirudi tena, naagiza vibao vya tayari kwenye katalogi. Na nikishaanza kuagiza vya tayari, sioni kwa nini nikuweke pale dirishani unachora. Utahamia kwenye kukata karatasi."

Alilisema hilo kwa upole, na upole ule ndio ulimchosha Rula zaidi. Mtu akikugombeza unapata pa kushika.

Alikaa kwenye kiti chake cha dirishani akaitazama karatasi nyeupe, nayo ikamtazama. Zamani asingekaa hivyo. Zamani alikuwa mwizi wa macho. Ganda la kiberiti, lebo ya chupa, karatasi ya kuzungushia uzi, kona ya tiketi iliyochanika vizuri, vyote alivikwapua njiani na kuvitia kwenye kopo la biskuti nyumbani. Buluu ya sabuni ya kufulia iliwahi kuwa nembo ya shule. Mafungu ya nyanya, jinsi muuzaji alivyoyapanga, yaliwahi kuwa kalenda nzima. Lakini tangu mama yake aanze kuugua kidonda cha mguu, kopo halijapata kitu kipya. Mama ameweka bendeji zake juu ya vile vikaratasi, na Rula hajaona haja ya kuzitoa.

Jumanne ni siku ya kusafishwa kidonda. Walifika mapema, mama kaegemea bega la bintiye, wakapita chini ya kibao ambacho Rula alikichora kwa siku mbili: bendeji iliyokunjwa vizuri, mistari imenyooka, maandishi yamekaa sawa. Wakakaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri kuitwa. Haukupita muda, mwanamke mmoja akaja anahangaika, kabeba mtoto mwenye mkono uliofungwa kitambaa.

"Shikamoo, bibi. Samahani, vidonda wanasafishia wapi?"

"Marahaba. Rudi pale kwenye mlango usio na kitasa," mama alisema, akionyesha kwa kidevu. "Nyoosha. Ukiona ndoo ya njano, kata kona. Kuna benchi limewekewa tofali mguuni, usilikalie upande wa tofali. Hapo hapo."

Mwanamke akaenda, na hakuuliza mara ya pili.

"Mama," Rula alisema polepole, "kibao kile hukioni?"

"Kipi?"

"Kile pale juu. Chenye bendeji."

Mama alikitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya watu asiowajua. "Kumbe bendeji? Mimi nilidhani mkate."

"Mkate!"

"Mkate wa kukunja. Usinikasirikie, mwanangu, mimi kusoma sijui. Nafuata ndoo."

Rula alitaka kucheka akashindwa, akataka kulia akaona ni kazi nyingine. Akabaki anaitazama ndoo. Ilikuwa ya mfagizi, imepasuka ukingoni, na kila aliyepita aliigusa kwa macho kabla ya kukata kona. Hakuna aliyekuwa anatafuta figo. Figo kila mtu anazo zake, hajawahi kuziona. Walichokuwa wanatafuta ni mlango.

Jumatano aliomba ruhusa ya asubuhi, akakaa kwenye meza ya kulia chakula, akaanza kuchora vitu vya nyumba yao. Ndoo kwa vidonda. Mwavuli kwa figo. Taa kwa macho, gongo la mama kwa mifupa, kiti kwa meno, birika kwa watoto. Mama alikaa pembeni, mguu juu ya stuli, akisimamia kama mwajiri.

"Ndoo gani hiyo haina mpini? Utaibeba kwa meno?"

Rula akaongeza mpini.

"Na huo si mwavuli wetu. Wetu una waya uliovunjika."

"Mama, ni picha tu."

"Basi chora wa watu, usiseme wetu."

Rula akashika rula ili achore waya uliopinda, akaona upuuzi wake, akaiweka chini. Waya aliuchora kwa mkono mtupu. Ulitoka umepinda vibaya, kama ulivyo.

Alhamisi katibu alizipanga karatasi sita juu ya meza yake, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. "Hii ni hospitali au mnada? Wageni wakija niwaambie nini? Figo ni mwavuli?"

Siku nyingine Rula angejieleza, tena kwa mpangilio. Leo hakuwa na nguvu hizo. "Waambie waufuate," alisema.

Katibu alipumua kwa nguvu, akachukua nakala tatu za mwavuli, akatoka akazibandika mwenyewe, moja kwenye kila kona na ya mwisho mlangoni. Kisha akamwita mzee mmoja kwenye foleni. "Huyu ndiye wa bakuli," alimnong'oneza Rula. "Mzee wangu, leo unakwenda wapi?"

"Figo, baba. Kama hamjazihamisha."

"Fuata mwavuli."

Mzee alikwenda kwa hatua za mtu asiye na haraka wala imani. Kona ya kwanza akasimama, akatazama. Ya pili vilevile. Mlangoni akaigusa karatasi kwa kidole. "Masikini," walimsikia akisema, "umevunjika kama wangu." Akaingia.

Walimsubiri atoke kuuliza. Hakutoka.

"Haya," katibu alisema hatimaye, akitafuta kalamu. "Lakini huo waya uunyooshe."

"Hapana."

Rula mwenyewe alishtuka kujisikia akikataa. "Mzee ameutambua kwa huo waya," aliongeza kwa sauti ya chini. "Uache."

Katibu akatia sahihi, akamrudishia karatasi. "Milango ni arobaini na mmoja. Umeleta sita."

Hakukuwa na pongezi, na Rula hakuzisubiri. Alitoka nje miguu ikimuuma, akihesabu: thelathini na mitano bado, na vitu vya nyumba vimekwisha. Kwenye ngazi za hospitali palikuwa na fundi viatu, mbele yake kadi iliyozungushiwa uzi mweusi, uzi umepungua katikati na kuacha umbo kama kiuno cha mtu.

"Fundi, hiyo kadi ukiimaliza unaitupa?"

"Nyuzi zenyewe hizi mbili tatu. Chukua, dada. Ya nini?"

"Sijui bado," Rula alisema, akaitia mkobani. Mama itabidi azitoe bendeji zake kwenye kopo, azitafutie mahali pengine.