Piano ya Parokia Haitaki Mwangwi

Piano ya parokia yetu hapa Bukombe waliiacha mapadre wa zamani. Binti yangu kajifunzia hapo, mimi nikisali rozari benchi la nyuma. Sauti ya piano hiyo naijua kama ninavyojua kikohozi cha wanangu.

Mwaka jana aliomba chuo cha muziki. Walitaka rekodi ya piano ya klasiki. Wakiipenda wanamwita, wasipoipenda basi. Tukamleta kanisani kijana wa studio wa Kahama, anayerekodi kwaya zote za huku. Akarekodi, kisha akatuita studio tusikilize.

Huku kwaya isiyowekewa mwangwi watu wanasema haijarekodiwa. Basi na piano akaifanyia hivyohivyo. Ikatoka kubwa, tamu, kama imefungiwa ndani ya tangi la maji. Pale binti anapogusa polepole na pale anapopiga kwa nguvu, kote ukubwa wa sauti ni uleule.

"Hii si yake," nikasema.

"Mayu," kijana akaniita mama kwa Kisukuma, "nimeisafisha tu. Pedali ilikuwa inagonga, hata pumzi zake zilikuwa zinasikika."

"Kwani anayepiga ni marehemu?"

Nikamwambia aweke ile ya kwanza, ambayo hajaigusa. Nikafumba macho. Sauti nzito ikalia, ikakaa, ikafifia yenyewe mpaka ukasikia ukimya wa kanisa. Zile nyembamba zilikuwa kavu kidogo, ndivyo zilivyo. Ya polepole ilikuwa polepole kweli.

"Tuma hii."

Mwenyekiti wa kwaya, tuliyekuja naye, akashika kichwa. "Mama, utamharibia mtoto. Wewe umesoma masomo ya jioni ya watu wazima, mwenzako ana mitambo."

"Masomo ya jioni hayakuning'oa masikio."

Binti akanigeukia. Akaniuliza kwa Kisukuma, taratibu, "Mama, na wakinikataa?"

"Bora wakukatae wewe kuliko wamkubali mtu mwingine."

Akaituma mwenyewe.

Wakamkataa. Sababu hawakusema. Mwenyekiti akanisubiri nje baada ya misa: "Si nilikwambia?" Nikamwambia Mungu hakumpa mwanangu vidole ili avifiche. Nilikwenda nyumbani nikalia, sikatai, lakini sikujuta.

Mwaka huu binti anaomba tena. Safari hii ni yeye aliyempigia kijana wa studio, nikamsikia akimwambia: "Kaka, njoo na maikrofoni tu. Ukija na mwangwi, utarudi nao Kahama."