Chupa Niliyoiandika "Kisima"

Kosa ni langu, jamani. Si la mashine wala la maabara. Ni langu mimi na uvivu wangu, na leo natapika yote.

Mimi ni msaidizi wa mtaalamu mmoja wa maji, nakaa Ng'ambo, Tabora mjini. Mwaka jana tuliitwa kijiji kimoja upande wa Igalula. Kisima chao kilikuwa kinatoa mapovu, na ukisogeza kiberiti, puu! Moto! Wakamnyooshea kidole Mama Kulwa, mjane mwenye mtambo wa gesi ya samadi hatua chache kutoka pale. Eti shimo lake linavuja.

Bosi akawatuliza. Akaeleza kuwa kaboni iliyomo kwenye gesi ipo nyepesi na nzito, na kila gesi ina mchanganyiko wake kulingana na ilikotoka. Ya samadi ina wake, ya tope la kale chini ya ardhi ina wake. Tupime zote mbili, tulinganishe. Kazi ya kujaza chupa akaniachia mimi.

Kwa Mama Kulwa bomba lilikuwepo, dakika mbili nimemaliza.

"Pima tu mwanangu, mie sina wasiwasi," akaniambia, chai yangu ikichemka kwa gesi hiyohiyo.

Kisimani sasa! Unazamisha chupa iliyojaa maji, unaigeuza kichwa chini, unasubiri povu moja moja lipande lisukume maji. Saa nzima, hata robo sijafika. Na jioni nina kikao cha harusi yangu mjini! Nikarudi kwa Mama Kulwa, nikajaza chupa ya pili kwenye bomba lake. Nikaiandika KISIMA. Yeye mwenyewe alinishikia kifuniko.

Majibu yakarudi: gesi zinafanana. Zingeachaje kufanana?

Bosi akayasoma mbele ya mkutano wa kijiji. Mama Kulwa akasimama. "Huyu kijana alijaza chupa mbili kwangu. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mama amesahau. Ilikuwa moja." Mungu wangu! Wakamzomea mpaka akakaa.

Mtambo ukabomolewa, shimo likafukiwa. Mama wa watu akarudi kwenye kuni, na pumu anayo.

Mwezi uliopita nilipita pale. Kisima bado kinatoa mapovu! Nikamkuta jikoni anapuliza moto, anakohoa, macho mekundu. Nikapiga magoti, nikalia, nikamweleza yote.

Hakunitukana, bora angenitukana. Alisema tu, "Kwangu umeshasema. Kawaambie walionizomea."

Jana nimemwambia bosi, na kazi sina tena. Ninyi mnaopewa chupa za vipimo, msiione kazi ndogo. Povu likichelewa, subirini, hata harusi iwangoje.

Jumamosi nasimama mbele ya mkutano uleule. Nikimaliza kusema, kama hawajanifukuza, nitakaa pale kisimani na chupa yangu mpaka ijae, na Mama Kulwa ndiye atakayeifunga.