Bwana Mhuri na Simu Ishirini na Tisa

Karani wa shule ile ya sekondari alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye shati lililofungwa vifungo hadi viganjani hata siku ambazo mshumaa ungeyeyuka bila kuwashwa. Wanafunzi walimwita Bwana Mhuri na walidhani hajui. Alijua, na moyoni alilipokea jina hilo kama cheo. Kwa miaka kumi na tisa hapakuingia karatasi ofisini mwake bila kugongwa neno IMEPOKELEWA kwa wino wa zambarau, tarehe ikiwa imenyooka kama askari wa gwaride. Siku moja dereva wa gari la maji alimwachia kikaratasi kwamba bomba la nyuma linavuja. Bwana Mhuri alikipokea, akakigonga, akakifungulia faili. Bomba liliendelea kuvuja, lakini sasa kwa utaratibu.

Baada ya mhuri, mali yake ya pili ilikuwa kabati la chuma lenye droo tatu. Droo ya chini ilikuwa ya simu. Shule ilipiga marufuku simu, na mwalimu aliyemkamata mwanafunzi nayo aliileta kwa karani, ambaye aliandika kwenye rejista tarehe, kidato, somo lililokuwa likifundishwa, na hali ya kioo, kisha akaifunga lebo kwa uzi. Hadi katikati ya mwaka zilikuwa zimefika ishirini na tisa. Kila simu mpya ilipiga kelele siku mbili tatu kabla chaji haijakata roho: saa nne jogoo aliwika ndani ya droo, saa sita mwanamke fulani aliimba kwamba ameachwa, na saa nane kitu kilitetemeka hadi vikombe juu ya kabati vikagongana kama vinatakiana afya njema. Yeye mwenyewe alikuwa na simu ndogo ya vibonye, aliyoiwasha baada ya saa za kazi, na watu wote waliomfahamu walikuwa wamejifunza kutopatwa na dharura kabla ya saa kumi.

Simu namba kumi na saba ilikuwa ya mpwa wake. Binti huyo, mtoto wa dada yake mkubwa aliyefanya kazi mbali, alikuwa akiishi kwake tangu kidato cha kwanza na sasa alikuwa cha tatu. Mwalimu wa jiografia alimkamata nayo chini ya dawati, akamleta ofisini yeye na ushahidi wake. Bwana Mhuri aliitazama simu ile kana kwamba hajawahi kuiona, ingawa kila jioni ililala mezani kwake kando ya kopo la sukari.

"Jina la mlezi?" aliuliza, kalamu tayari.

"Ni wewe, mjomba."

"Hapa hakuna mjomba. Jina la mlezi?"

Binti akalitaja jina lake lote, la kwanza hadi la babu. Bwana Mhuri akamwomba alirudie taratibu.

Jioni ile, chakula kikiwa mezani, binti alijaribu tena. "Mjomba, ile simu. Kuna kitu ndani yake—"

"Mambo ya ofisi yabaki ofisini."

"Basi kesho nije ofisini?"

"Ofisini kuna utaratibu. Andika barua."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Mtoto yuko mbele yako, umempimia mchuzi kwa mkono wako, unamwambia aandike barua. Kesho nikitaka chumvi nijaze fomu?"

"Chumvi iko karibu na wewe," alisema Bwana Mhuri, na kwa kuwa ilikuwa kweli, mazungumzo yakafia hapo.

Binti akaandika. Kesho yake alimpitishia barua dirishani, kurasa mbili. Bwana Mhuri akaigonga mhuri, akatafuta namba ya kumbukumbu pale juu kulia, hakuiona. Kwa kawaida yake, barua isiyo na namba haijibiki, kwa sababu jibu halina pa kushika. Basi huenda kwenye faili la Mengineyo. Hakuisoma. Alitambua mwandiko, akaona kwamba kusoma barua ya ndugu kabla ya barua za watu wengine ni upendeleo, na kwa kuwa barua za watu wengine haziishi, suala likawa limekwisha. Alilala usingizi wa mtu mwadilifu.

Binti alingoja. Wiki ya kwanza alimtazama mjomba wake mezani kama mtu anayetazama sufuria isiyochemka. Wiki ya pili aliacha kumtazama. Wiki ya tatu matokeo ya jaribio yakatoka, akawa amepata thelathini na moja katika fizikia. Hilo halikuwa jambo dogo, maana mwisho wa muhula ndipo kidato cha tatu kilipochujwa: asiyefikisha hamsini aliondolewa fizikia, na binti huyu, aliyekwisha kufungua redio, pasi na saa ya ukutani ya mkaza mjomba wake, na kuvirudishia vyote isipokuwa saa, alitaka kusomea ufundi wa umeme. Bila fizikia, chuo cha ufundi kisingemfungulia hata geti.

"Soma kwa bidii," Bwana Mhuri alimwambia.

"Ninasoma, mjomba."

"Sasa simu haipo, kichwa kimetulia."

Binti alimeza jibu pamoja na chai.

Jumatatu iliyofuata Mkuu wa shule, mama mnene mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, aliingia ofisini bila kubisha.

"Bwana Karani, Jumamosi wazazi wanakuja. Nataka ukurasa mmoja. Simu na alama za mitihani. Unichoree mistari miwili, mmoja unapanda, mmoja unashuka."

"Upi upande, madamu?"

"Alama zinapanda, simu madarasani zinashuka. Wakishaona, tunazivunja simu mbele yao. Nyundo nimeshaiazima karakana."

Hii ilikuwa kazi aliyozaliwa kwa ajili yake. Alichukua kidato cha tatu, kilichoongoza kwa simu, akaweka rejista upande wa kushoto na karatasi za alama upande wa kulia, akanoa penseli tatu. Mambo yalikwenda kama yalivyotarajiwa. Kadiri droo ilivyojaa, ndivyo historia ilivyopanda, na Kiingereza, na jiografia; hata waliokuwa wakilala saa tano asubuhi kwa sababu ya kuchati usiku walianza kuonekana wakiwa macho. Bwana Mhuri alichora mstari mwekundu, akajiona ana mchango katika taifa.

Kisha akafika kwenye fizikia, na penseli ikamgomea.

Fizikia ilikuwa imekaa kwenye hamsini na tatu, hamsini na nne, halafu ikaanguka hadi thelathini na nne. Darasa zima lilianguka, hata wale ambao hawajawahi kushika simu. Alihesabu upya. Alihesabu tena kutoka chini kwenda juu, maana tarakimu, kama wezi, huonekana vizuri zaidi zikishtukizwa kwa nyuma. Thelathini na nne.

Mwanzoni alimtuhumu mwalimu wa michezo. Mwalimu wa fizikia alikuwa amekwenda likizo ya uzazi, na nafasi yake alipewa huyo, aliyefundisha kanuni za mwendo kwa kuwakimbiza wanafunzi uwanjani na kuwauliza wanajisikiaje. Lakini likizo ilianza mwezi mzima kabla ya anguko. Mwezi ule watoto walikimbia, na bado walifaulu. Kitu kilitokea baadaye, baada ya tarehe kumi na tatu. Rejista ya tarehe kumi na tatu ilikuwa na ingizo moja tu: simu namba kumi na saba, kioo kimepasuka kona ya kushoto, kasha la bluu.

Mtu mwingine angekwenda kuuliza watu. Bwana Mhuri alikwenda kuuliza mafaili. Alipekua kila karatasi ya wiki ile, hadi kwenye Mengineyo, na huko, kati ya tangazo la muuza mapazia na malalamiko ya jirani kuhusu mpira ulioingia jikoni kwake, akakuta mhuri wake mwenyewe, umenyooka, na chini yake mwandiko anaoujua. Aliianza ile barua akiwa amesimama. Aliimaliza akiwa amekaa.

"Kwa Karani wa Shule," ilisema. "Naomba simu yangu itolewe kila siku wakati wa mapumziko tu, kisha irudishwe kabatini. Mwalimu wetu kabla ya kwenda kujifungua alibaki darasani baada ya kengele kwa wiki mbili, akanifundisha mimi na simu masomo yote yaliyobaki, ishirini na mawili, ubaoni, nikayarekodi. Alijua simu imekatazwa lakini alisema ujinga nao ungefaa kukatazwa. Darasa zima tunasikiliza nyuma ya maabara. Tunaiweka ndani ya ndoo tupu ili sauti iwe kubwa. Tumefika somo la saba. Naahidi kutoitumia kwa jambo lingine. Naomba radhi kwa yale mambo mengine."

Bwana Mhuri alihesabu siku. Wiki tatu na siku nne. Katika muda huo alikuwa amejibu barua ya kampuni ya chaki iliyouliza kama shule bado inatumia chaki.

Jioni hakungoja chakula. Alimkuta binti barazani na kitabu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mjomba. Ukagonga."

Mlangoni, mkewe alikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Na simu yote ni fizikia?"

"Masomo ishirini na mawili ni fizikia."

"Mengine?"

Binti alifunga kitabu. "Misuko ya nywele."

"Mingapi?"

"Mingi. Ile siku ya jiografia nilikuwa natazama misuko. Pale nilikamatwa kwa haki, sina kesi."

Bwana Mhuri alikaa kwenye ngazi kando yake, jambo ambalo suruali zake hazikulizoea. "Kosa ni la ofisi," alisema.

"Ofisi ina watu wangapi?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Mmoja."

"Basi msalimie."

Alhamisi aliingia kwa Mkuu wa shule na kurasa mbili. Mkuu aliziinua kwa ncha za vidole.

"Nilisema mmoja."

"Wa pili ni wa fizikia, madamu. Umekataa kuungana na wenzake."

Mkuu alisoma chati, akasoma barua iliyobandikwa nyuma, akarudi kwenye mhuri. "Hii uliipokea tarehe kumi na nne."

"Ndiyo, madamu."

"Leo ni tarehe tisa."

"Ndiyo, madamu. Ilikuwa Mengineyo. Sikuisoma kwa sababu ni ya mpwa wangu."

Mkuu alimtazama kama mtu aliyekuta kiatu ndani ya friji na anatafuta pa kuanzia kuuliza. "Kwa hiyo niwaambie wazazi nini? Simu inaua masomo au inayaokoa?"

"Kwa mujibu wa rejista, madamu, simu iliyo chini ya dawati inayaua. Iliyo ndani ya ndoo inayaokoa."

"Siwezi kuliambia baraza la wazazi habari za ndoo."

Lakini alizisema. Jumamosi, mbele ya wazazi waliojaa ukumbini, ile nyundo ya karakana ilifanya kazi moja tu: ilipigilia misumari miwili ya kutundikia chati. Mkuu alieleza mstari mwekundu, akaeleza na ule wa bluu wa fizikia ulioanguka, bila kumtaja karani, ambaye alisimama nyuma akiwa amenyooka kama tarehe zake. Baba mmoja aliyetaka simu zote zichomwe moto alikatizwa mara mbili na simu yake mwenyewe. Mwishowe wazazi walipanga foleni, wakasaini, wakarudishiwa simu ishirini na nane za watoto wao kwa sharti kwamba zisivuke tena geti la shule. Ile ya kumi na saba ilibaki, kwa amri mpya: ikae kabatini, itolewe saa nne kamili, na isitoke mkononi mwa karani.

Amri ni amri. Kuanzia Jumatatu, Bwana Mhuri aliketi maabarani kila siku wakati wa mapumziko, simu mkononi, mkono ndani ya ndoo, akiwa na uso wa mtu anayepima joto la maji. Wanafunzi arobaini walimzunguka na madaftari. Somo la nane hakuelewa neno. Somo la kumi na moja aliwaomba wanyamaze. Somo la kumi na tatu, lililohusu kwa nini fyuzi hukatika, alirudisha nyuma mwenyewe bila kuombwa, akasema samahani, hapo hakusikia vizuri.

Walifika somo la ishirini siku moja kabla ya mtihani. Matokeo yalipotoka, wastani wa darasa ulikuwa hamsini na tano, na binti alikuwa na hamsini na saba. Jiografia alipata sitini na mbili, alama ambazo mwalimu wa jiografia alizihusisha na yeye mwenyewe.

Bwana Mhuri alifungua kitabu cha watahiniwa wa fizikia wa mwaka ujao, akaandika majina thelathini na manne, la mpwa wake likiwa la tisa, akapuliza wino. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika moja. Nje ya dirisha alisimama binti na ndoo.

"Yamebaki mawili," alisema. "Leo transfoma."

"Mtihani umekwisha. Kuna atakayekuja?"

"Wameshakaa, mjomba. Wanakusubiri wewe tu."

Bwana Mhuri akachukua funguo.